Makofi Ambayo Hayakupigwa Kibomet

Tarehe tisa Mei. Asubuhi jua kali, halafu mchana wingu likashuka kutoka upande wa Mlima Elgon, mvua ikaja na mawe kidogo, na sasa imebaki ile ya polepole ambayo mahindi huipenda. Ilinikuta njiani nikitoka posho mili na unga kichwani, nikajikinga kwa fundi mmoja wa vitanda. Alikuwa anapiga randa mbao za saiprasi zilizopasuliwa juzi tu. Harufu ile ilinishika hata nikashindwa kumsalimia vizuri. Labda alidhani ninaringa. Sikuwa ninaringa. Nilikuwa nimerudi utotoni, kwa kiwanda cha mbao cha Bwana Gurdip kando ya barabara ya Kibomet, na Mama yangu amesimama mbele ya watu na kitambaa cha buluu kichwani.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliacha darasa la nane na Kiswahili changu ni hiki cha huku kwetu. Kama nitampa mtu maneno ambayo hakuyasema hivyo hasa, anisamehe, ni siku nyingi. Lakini nyinyi mliokua pamoja nami mnaijua ile Kitale ya zamani, na jambo lenyewe ninalikumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo siku nilijua Mama yangu ni mtu mkubwa.

Mama alikuwa mwanzilishi wa nyimbo za msiba. Kanisani kwaya ilikuwa na watu wengi wa sauti nzuri, lakini kukiwa na matanga kwetu Kibomet, au hata mbali kule Kanduyi alikozaliwa, walikuja kumwita yeye. Hakuwa na sauti tamu, niseme ukweli. Ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo kidogo, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Lakini akianza peke yake, kabla wengine hawajapokea, hata wanaume waliokuwa wanabishana habari za ng'ombe walinyamaza.

Kwa msiba mmoja kama huo ndipo Mama Daktari alimsikia. Huyu Mama Daktari alikuwa Mrusi. Jina lake Galina, lakini watu wengi wa kwetu walisema Garina na yeye aliitika tu. Mume wake alikuwa daktari wa mifugo, Mbukusu wa Kamukuywa, ambaye serikali ilimpeleka kusoma Urusi akiwa kijana, akarudi na shahada na mke. Wakati ninaoandika habari zake watoto wao walikuwa wakubwa na wako vyuoni, na yeye nywele zilikuwa zimeanza mvi. Alikuwa amekaa Kitale muda mrefu kuliko mimi nilivyokuwa nimekaa duniani. Alijua kusonga ugali. Alijua kutusi mbuzi wa jirani kwa Kibukusu.

Lakini kulikuwa na neno moja lililomfuata. Mzee Barasa, ndugu mdogo wa baba ya Daktari, ndiye alikuwa amebaki kama baba katika ukoo huo. Kila alipokuja kutoka Kamukuywa, hata akiwa amekula na kushiba kwa mikono ya huyo mama, alisema, "Mwanangu alioa vizuri. Shida ni moja tu. Mke wake hana watu."

Nataka kuwa wa haki kwa Mzee Barasa. Hakusema kwa ubaya. Kwetu mke ana watu wake. Ndio unaowapelekea ng'ombe, ndio wanaokuja kukuuliza ukimpiga, na kukiwa na kilio kwao unaenda kukaa nao. Huyu hakuna aliyewahi kuja kumuuliza. Hakuna ng'ombe waliotoka, hakuna kilio kilichowahi kuitwa. Kwa Mzee ilikuwa kama mtu aliyeokotwa barabarani. Na Mama Daktari alilisikia neno hilo miaka yote hiyo, anapokea mkongojo wa Mzee, anauegemeza ukutani.

Sasa akaja kwetu jioni moja, Mama anachambua kunde. Akaketi kwenye kiti cha chini kabisa.

"Mama Nafula," akasema, "mimi nataka kuimba nyimbo za kwetu. Nyimbo za vita. Kwetu watu wote wanazijua, mpaka watoto. Tarehe tisa mwezi wa tano vita iliisha, kila mwaka siku hiyo watu wanaimba na kulia. Nataka tuimbe hapa, watu waje wasikie. Na Baba Barasa aje."

"Si uimbe basi, Mama Daktari. Nani atakukataza?"

"Peke yangu siwezi. Nataka wajue nimetoka kwa watu. Watu si mmoja."

Mama alicheka kidogo, akatupa ganda la kunde. "Sasa mimi Kirusi nitakitoa wapi, bana? Hata hiki Kiswahili ninabahatisha."

Lakini alikubali. Wanawake wa kwaya nao wakakubali, wengine kwa mapenzi na wengine, nadhani, kwa sababu ya chai yake iliyokuwa na maziwa mengi. Bwana Gurdip akatoa kiwanda, kwa vile Jumamosi mchana mashine zilikuwa zinazimwa. Alisema tu tusiwashe moto karibu na unga wa mbao. Basi kila Jumamosi tulikaa juu ya mabanzi, mimi nikiwa nimefuata Mama, tukipiga chafya, Mama Daktari akisema mstari na wanawake wakiurudia. Pale penye *r* wanawake walitia *l*, na penye *l* wakatia *r*. Mwanzo alisahihisha. Baadaye nilimwona anacheka peke yake, akaacha.

Nyimbo zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na zile za kutembea, za askari wenye miguu mizito, ambazo wanawake walizishika haraka na kuzitingisha mabega hata Mama Daktari akashangaa. Halafu kulikuwa na moja ya mwisho, ya polepole. Alituambia ni mtu yuko mbali, usiku, anamfikiria mwanamke aliye nyumbani na anamwomba amngoje. Hiyo alitaka kuianzisha mwenyewe. Na kila Jumamosi alifika ubeti wa pili, akafungua mdomo, sauti isitoke.

Mimi nilidhani anasahau. Niliona aibu kwa niaba yake, mtu mzima anasahau wimbo wake mwenyewe! Nikajifunza ule ubeti wa pili kwa moyo, ili siku yenyewe nikae karibu nimnong'onezee. Nilikuwa ninausema nikienda mtoni, nikirudi, mpaka kaka yangu akaniuliza kama nimerogwa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya siku yenyewe alijaribu, akashindwa tena. Akamgeukia Mama.

"Anzisha wewe."

"Mimi? Wimbo wa kwenu?"

"Wewe."

Kuanzia hapo Mama hakulala vizuri. Majirani walikuwa wameanza kusema. Mama Sitati, ambaye uzio wake ulipakana na wetu, alimwuliza kwenye bomba la maji, "Ati wewe unaimba maneno hujui maana? Kama ni ya kulaani watoto wako je?" Wanawake wakacheka, Mama naye akacheka, lakini nilimwona nyumbani akikanda unga bila kuangalia. Aliogopa kuchekwa, ndiyo, ila kilichomsumbua zaidi ni yule Mrusi. "Akiaibika mbele ya Mzee Barasa," alimwambia Baba, "atakuwa ameaibika kwa sauti yangu. Hana nyingine ya kuazima."

Siku ikafika. Nilidhani watakuja watu wachache, wakajaa mpaka kwenye magogo ya nje. Wahindi wa maduka walikuja na wake zao. Bwana Gurdip alivaa kilemba kipya. Chifu alikuja akakaa mbele kabisa na fimbo yake, kusikiliza kama kuna siasa. Na Mzee Barasa alikuwa amefika kutoka Kamukuywa tangu Ijumaa, na koti lake refu na kofia. Alipoketi alisema, si kwa sauti ya chini, "Nimekuja kusikia. Lakini nyimbo si watu."

Zile za kutembea zilienda vizuri kuliko tulivyoomba. Watu walipiga makofi mpaka unga wa mbao ukaruka. Vigelegele vikatoka. Watoto wakaandamana kati ya mashine, chifu mwenyewe akagongagonga fimbo. Mama Daktari alikuwa ametuambia kwamba kwao wimbo ukiisha vizuri watu hupiga makofi, na usipoisha vizuri hukaa kimya. Kwa hivyo nilikuwa nahesabu makofi kama mtu anayehesabu vifaranga wake.

Kisha akasimama kabla ya ule wa mwisho. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kila neno likitoka peke yake. "Wimbo huu baba yangu aliupenda. Alienda vita mimi nikiwa tumboni. Hakurudi. Hakuna kaburi. Mama Nafula ataimba."

Mama akatoka mbele. Aliweka mkono mmoja shavuni, vile alivyozoea, na nadhani hakujua kama ameuweka. Akaanza.

Siwezi kuandika sauti. Nitasema tu kwamba ilikuwa ile sauti yake ya kiti kinachoburutwa, na maneno yale ya mbali, *r* na *l* zikiwa zimebadilishana, na ubeti wa pili ukafika na haukukatika. Mama Daktari alikuwa amesimama nyuma ya wengine na midomo yake inatembea. Wanawake walipokea. Wimbo ukapanda, ukashuka, ukaisha.

Kimya.

Hakuna hata mkono mmoja. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Mzee Barasa alikuwa anatazama chini. Wanawake wazee walikuwa wameshika vichwa. Mimi sikuona hayo kama ninavyoyaona leo. Niliona tu kwamba hakuna makofi, na Mama amesimama pale mbele peke yake. Nikaanza kupiga mimi. Pa, pa, pa, mikono midogo katika kiwanda kizima. Mama Sitati akanifinya sikio mpaka nikaona nyota.

"Wewe! Nani hupiga makofi kwa kilio?"

Nilipoinua macho, Mama Daktari alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, na Daktari anamfuata mbio.

Tulirudi nyumbani kwenye tope, mvua ikiwa imeanza. Mama alikuwa amevua kitambaa na kukikunja kidogo sana mkononi. "Nimemharibia," alisema. Hakuwa anasema na mimi. "Zote zilipigiwa makofi. Yangu ndiyo imekataa."

Mimi nilikuwa na swali langu. "Mama, ni nani amekufa?"

"Nani amesema kuna mtu amekufa?"

"Mama Sitati. Amenifinya. Amesema hakuna makofi kwa kilio."

Mama alisimama katikati ya barabara. Maji yalikuwa yanapita juu ya viatu vyake vya kanisani.

"Amesema kilio?"

"Ndiyo."

"Kumbe," akasema Mama. Halafu akaanza kucheka, na huku machozi yanatoka, nikaogopa. "Kumbe! Sauti yangu wanaijua kwa kazi moja tu." Akageuka, akanishika mkono, tukarudi njia ile ile mpaka kwa Mama Daktari.

Alikuwa jikoni, amekaa, bado na viatu. Mimi nilibaki mlangoni, na mengine ya hapa nilielezwa na Mama baadaye, lakini mengi nilisikia mwenyewe.

"Hawakupiga makofi," Mama Daktari akasema. "Hata mmoja."

"Mama Daktari, nisikilize. Umesimama mbele ya watu umesema baba yako hakurudi na hana kaburi. Halafu mimi nikaimba. Hapa kwetu, mtu akipiga makofi hapo, huyo si mtu."

Mama Daktari akaanza kuvua viatu vyake.

"Kesho baada ya kanisa watakuja."

"Nani?"

"Wote. Ninawajua. Watakuja na kuni na unga. Kukaa na wewe."

"Lakini alikufa zamani! Mimi sijazaliwa. Lazima tuwaambie wamekosea."

Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alifikiri kabla ya kujibu, na hilo ninampa heshima mpaka leo, kwa maana angeweza kusema lolote la kujiokoa. "Ukitaka, nitapita nyumba kwa nyumba sasa hivi niwaambie. Ni haki yako. Lakini niambie kwanza. Habari ilipofika, nani alikuja kukaa na mama yako?"

"Hakuna. Kila nyumba ilikuwa na wake. Nani angeenda kwa nani?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Basi," Mama Daktari akasema mwishowe, "usipite nyumba kwa nyumba."

Wakaja. Jumapili ile jua lilikuwa limetoka na njia inatoa mvuke. Walikuja na kuni vichwani, unga, majani ya chai, kuku amefungwa miguu. Bwana Gurdip alituma gari la mabanzi. Chifu alileta sukari akasema hakai, akakaa mpaka jioni. Mama Sitati alikuja na sufuria yake kubwa kuliko zote, akapita mbele yangu, akanigusa lile sikio taratibu. Nadhani ilikuwa pole.

Mzee Barasa alikuwa ametolewa kiti uani. Alimwita Mama Daktari akae mbele yake kwenye mkeka, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mama," akasema, "tumekuja kuuliza habari za marehemu. Aliitwa nani?"

"Stepan, Baba."

"Sitepani. Mwana wa nani?"

"Wa Ivan."

"Kazi yake?"

"Alilima ngano. Na farasi wa kijiji alikuwa anawatunza yeye."

Mzee alimgeukia Daktari. "Mkulima! Miaka yote hii sijaambiwa alikuwa mkulima? Mimi nilidhani ni watu wa ofisi, bana." Watu wakacheka kidogo, vile watu hucheka matangani. "Ng'ombe alikuwa nao?"

"Mmoja."

"Mmoja!"

"Vita ilimkuta na mmoja, Baba."

"Hapo sina neno. Ni vita gani hiyo? Ile kubwa ya Wajerumani?"

"Hiyo."

Mzee alikuwa anazungusha kofia gotini. "Hiyo ilichukua kaka yetu mkubwa, mimi na baba ya mumeo. Alipelekwa na Wazungu, nchi yenyewe sikumbuki jina, ng'ambo ya maji. Na yeye hakurudi. Tulingoja. Halafu baba akasema inatosha, akakata mgomba, tukauzika mgomba mahali pake, ndipo mama akalia." Akamtazama Mama Daktari usoni, na sijui kama alikuwa amewahi kumtazama hivyo. "Huyu wako hatuwezi kumzikia mgomba hapa. Hapa ni boma la mkwe wake, mtu hazikwi kwa mkwe. Lakini kulia tunaweza. Mama Nafula yuko wapi?"

Mama alikuwa jikoni, mikono ina unga. Akaja akijifuta.

"Ule wimbo," Mzee akasema. "Rudia."

Ninajua kwamba mtoto humwona mama yake mkubwa kuliko alivyo, kwa hivyo nimejiuliza mara nyingi kama ninaongeza. Siongezi. Mama alianza pale uani, hakuna jukwaa, hakuna kitambaa cha buluu, na boma zima likanyamaza mpaka kuku. Ubeti wa pili ulipofika, Mama Daktari aliuingia. Sauti ilitoka. Ilitoka imevunjika, akaenda nayo hivyo hivyo imevunjika mpaka mwisho, na wanawake wa Kibomet wakampokea kwa Kirusi chao, halafu wale wasiojua maneno wakapokea kwa kilio chetu cha kawaida, na mtu angepita barabarani angejua tu kwamba kwa Daktari wamefiwa. Mama Daktari alilia kama wanavyolia kwetu, anatembea, anaita jina. Stepan. Stepan. Watu wakaita naye.

Nilitembea nyuma ya Mama siku hiyo nimeshika leso yake, nikitaka kila mtu aone ni ya mama yangu.

Jioni ile tulikula kwa Daktari, nyumba yetu na yao pamoja, kwa vile kwetu hakukuwa kumewashwa moto. Kulikuwa na ugali wa wimbi, mboga ya mrenda iliyochanganywa na kunde, na wale kuku. Firigisi, ambayo wanawake wa kwetu siku hizo hawakula, ililetwa kwa Mzee Barasa peke yake kwenye sahani ndogo, kama ilivyo desturi. Aliitazama, akasema, "Hii leo ni ya mkwe wangu Sitepani." Tukadhani ataiacha hapo. Lakini aliisukuma sahani polepole mezani mpaka kwa Mama Daktari. "Kula," akamwambia. "Mtu wa kwao aliye hapa ni wewe." Na yeye akala.